Nesi haachi kazi siku anayoandika barua. Anaacha mapema zaidi, na wodi zetu ndizo zinazomwachisha

#1 – Mleta uzi

Habari za usiku wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 14 kazini. Nilianzia hospitali ya wilaya huko pembezoni, ambayo sitaitaja, na sasa niko mjini. Ndani ya mwaka mmoja tumewaaga wenzetu watatu kwenye wodi yetu ya wazazi. Wa kwanza kapata kazi kwenye mradi wa shirika fulani. Wa pili kafungua duka la dawa muhimu. Wa tatu, aliyeondoka mwezi uliopita, hana anakokwenda. Kaacha tu. Huyo ndiye aliyenikosesha usingizi, kwa sababu alikuwa mkunga bora kuliko mimi, na nasema hivyo bila kumpamba.

Watu wakisikia nesi kaacha kazi, jibu lao huwa moja: mshahara. Mshahara ni mdogo, sibishi. Lakini yule mwenzetu wa tatu alijua atalipwa nini tangu siku anaripoti. Asichokijua ni kwamba angefundishwa chuoni miaka mitatu namna ya kumhudumia mama vizuri, kisha apangiwe mahali ambapo kumhudumia mama vizuri hakuwezekani hata ukikesha umesimama.

Nawapeni hesabu, maana wengi humu si watu wa fani.

Mama akishaingia kwenye uchungu wenyewe tunamfungulia patografu. Ni karatasi moja ya kufuatilia mwendo wa uchungu, lakini inadai. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Presha kila baada ya saa 4, na njia ya uzazi inapimwa kwa kipindi hicho hicho. Na kila nusu saa unaweka mkono juu ya tumbo la mama kwa dakika 10, uhesabu uchungu umekuja mara ngapi na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Hakuna mashine inayokufanyia hilo katika hospitali nyingi za wilaya, ni mkono wako na saa yako.

Sasa weka kina mama 6 kwa mkunga mmoja. Kila mama anadai dakika 20 za mkono ndani ya saa moja. Sita wanadai dakika 120. Saa ina dakika 60. Hapo sijahesabu moyo wa mtoto, sijamweka dripu mtu, sijazalisha, sijamwangalia aliyejifungua muda si mrefu ambaye natakiwa nimpime kila robo saa kwa saa 2 za kwanza, sijaandika hata neno moja kwenye rejista.

Kwa hiyo unachagua. Unamkimbilia anayepiga kelele, huku moyoni unajua kwamba wa kuogopwa ni yule aliyenyamaza kule pembeni. Alfajiri patografu zinajazwa kwa kukisia. Ndiyo, wakuu, zinajazwa kwa kukisia. Mimi nimefanya. Nimeandika mapigo 140 ya moyo ambayo sikuyasikiliza. Kila nilipofanya hivyo nilirudi nyumbani nikiwa na uzito ambao hakuna posho inayouondoa.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Muuguzi anavumilia umaskini miaka na miaka, wazazi wetu wengi ni walimu na wakulima, umaskini tunaujua. Asichoweza kukivumilia ni kulazimishwa kila siku kuifanya vibaya kazi anayoijua vizuri.

#2 – Mleta uzi

Naendelea.

Nimesema nesi anaacha mapema kuliko barua. Yangu ilikuwa usiku mmoja wa masika, mwaka wangu wa tano. Rosta ilituonyesha wawili. Mwenzangu alikuwa na homa kali, akashindwa kuja, na hapakuwa na mtu wa kumpigia. Mhudumu wa afya mmoja alikuwa anahudumia wodi mbili. Umeme ulikatika saa 7 usiku na jenereta haikuwa na mafuta.

Nilikuwa namsaidia mama mmoja asukume, mwanga ni wa simu niliyoibana kwa kidevu. Mhudumu akaja mbio: aliyejifungua saa moja iliyopita kitanda kimejaa damu. Mashine ya presha ilikuwa wodi ya watoto, tulikuwa nayo moja tu kwa upande wote ule. Nilimpokea mtoto, nikamlaza kifuani kwa mama yake, nikavua glavu, nikakimbia. Nilisugua lile tumbo kwa mkono mmoja huku mwingine natafuta mshipa wa kuweka kanula, nikimwelekeza mhudumu sindano ya oksitosini, ya kuzuia damu, iko wapi. Daktari wa zamu alifika baadaye, naye alitokea chumba cha upasuaji, simlaumu.

Yule mama alipona. Watoto wote wawili walikuwa salama. Kulipokucha tukakaa kwenye ripoti ya asubuhi, bado nina damu kwenye soksi, na swali la kwanza nililoulizwa mbele ya wenzangu lilikuwa kwa nini rejista ya MTUHA, ile ya takwimu za huduma, haijajazwa.

Hakuna aliyeuliza nilikuwa na nani usiku ule.

Nilijibu, nikaomba radhi, nikaijaza ile rejista. Barua ya uhamisho niliiandika miaka miwili baadaye. Lakini hospitali ile niliiacha asubuhi hiyo. Ile miaka miwili nilikuwa nakuja kusaini. Na nawaambia ukweli, nesi anayekuja kusaini ni wa hatari kuliko nafasi iliyo wazi, kwa sababu kwenye karatasi anaonekana yupo.

#3 – Mleta uzi

Hili si la Tanzania peke yake, na limepimwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wauguzi zaidi ya 10,000 walijaza madodoso, na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000 walifuatiliwa. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mgonjwa huyo huyo mmoja wa ziada alipandisha kwa asilimia 23 uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi, na kwa asilimia 15 uwezekano wa kutoridhika na kazi yake.

Someni tena hizo namba zikiwa pamoja. Kinachomwondoa muuguzi na kinachomuua mgonjwa vimetoka chungu kimoja. Ndiyo maana nakasirika mtu akisema malalamiko ya manesi ni mambo ya maslahi yao.

Kule California walitunga sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004: hospitali lazima iwe na idadi ya chini ya wauguzi. Chumba cha wagonjwa mahututi, wagonjwa 2 kwa muuguzi mmoja. Wodi za kawaida sasa ni 5. Queensland, Australia, nao wakaweka yao mwaka 2016, wastani wa wagonjwa 4 mchana na 7 usiku. Nikiwasimulia wenzangu haya wananiangalia kama ninayeota. Siombi tufike huko kesho. Naomba tuwe na namba, yoyote, iliyobandikwa ukutani, ili ikivukwa kuwe na mtu wa kupigiwa simu na awe na wajibu wa kupokea.

Nikumbushe pia: vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Usafiri wa dharura wa m-mama umesaidia, unapiga 115 gari linatafutwa. Vituo vingi vimejengwa vyumba vya upasuaji. Yote nayashukuru kwa dhati. Lakini gari la m-mama likishapiga breki mlangoni, anayempokea yule mama ni mtu. Majengo yamekua haraka kuliko watu wa kuyakaa.

#7 – Mchangiaji

Mimi si wa afya, ni mume wa nesi. Ninachokiona nyumbani ni rosta. Inabandikwa Ijumaa ya kuanza Jumatatu. Hatuwezi kupanga msiba, harusi, wala mtoto apelekwe na nani kliniki. Akirudi zamu ya usiku anaitwa tena jioni. Nimemwambia aache, tulime.

#8 – Mleta uzi

Shemeji, pole, na mpe pole. Umegusa kitu ambacho kinanisumbua kuliko mambo ya mabilioni, kwa sababu hakihitaji bilioni.

Niliwahi kuazimwa miezi minane kwenye kituo cha afya kimoja. Kituo cha kawaida, chumba cha kujifungulia kina vitanda viwili, maji ya tangi. Inchaji wetu, yaani msimamizi wa wauguzi, alikuwa mama wa makamo, cheti chake ni cha zamani, hana digrii. Rosta yake ilikuwa inatoka tarehe 20 ya mwezi, ya mwezi mzima unaofuata. Ukitaka kubadilishana na mwenzako, mnakubaliana, anasaini. Aliyetoka usiku alikuwa haguswi siku mbili. Na yeye mwenyewe, inchaji, alijipangia zamu mbili za usiku kila mwezi. Alikuwa anasema akikaa mchana tu atasahau usiku ulivyo.

Mishahara yetu ilikuwa ile ile ya kila mahali. Vifaa vilipungua kama kila mahali. Ila kwa miezi yote ile sikusikia mtu anazungumzia kuhama, na wawili kati yao walikuwa wamekaa pale zaidi ya miaka sita. Mambo mabaya yakitokea, alikuwa anaanza kwa kuuliza, "Umekula?" Kisha ndipo mnazungumza kilichotokea, na kinaandikwa, na hakuna anayefichwa wala kuanikwa.

Wakubwa wanaosoma humu, msiteue inchaji kwa sababu ndiye mwenye vyeti vingi au ndiye anayewapelekea taarifa. Wodi nzima inakaa au inahama kwa mtu huyo mmoja.

#11 – Mchangiaji

Acheni kujitetea. Mimi mke wangu alitukanwa leba, akapigwa kofi la paja. Huo uchache wa wauguzi ndio uliompiga?

#12 – Mleta uzi

Kaka yangu, hapana. Mkono wa mtu ndio uliompiga, na aliyefanya hivyo alikosea mbele ya Mungu na mbele ya kiapo chake. Nakuomba radhi kama mkunga. Sitaki uzi huu uwe kichaka cha kumficha yeyote. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo na linapokea malalamiko ya namna hiyo, na mna haki ya kuyapeleka.

Niseme moja tu, si kwa kumtetea. Nimewaona wasichana wakiingia kazini wapole, wanawaita kina mama "mama angu", wanawapangusa jasho. Baada ya miaka mitatu ya kuhudumia watu wengi kuliko mikono yao, wengine sauti zinabadilika. Kwanza anaacha kusalimia. Kisha anaacha kueleza anachofanya. Kisha anaanza kufoka. Mimi mwenyewe nilifika hatua ya pili, nikajishtukia siku mama mmoja aliponiuliza, "Dada, nimekukosea nini?" Tungekuwa tunamshika mtu kwenye ile hatua ya kuacha kusalimia, tukampumzisha, tukazungumza naye, mke wako asingeguswa. Hospitali nyingi hazina utaratibu huo. Anaonekana siku anapopiga.

#15 – Mchangiaji kutoka Kenya

Hujambo dada. Mimi ni nesi huku pwani ya Kenya. Afya ilipokwenda kwa kaunti 2013 tuliambiwa mambo yatakuwa karibu na sisi. Mwaka 2017 tuligoma kuanzia Juni mpaka Novemba, karibu siku 150. Wagonjwa waliumia na sisi tuliumia, miezi mingine bila mshahara. Tuliporudi, wodi zilikuwa zile zile. Serikali ikatia saini mkataba na Uingereza Julai 2021 wa kupeleka wauguzi. Kwa darasa letu, wengi wako huko au Ghuba. Nikiongea nao, jambo la kwanza wanalosema si pesa. Wanasema, "Hapa nikiagiza kitu kinakuja."

#16 – Mleta uzi

Dada, hilo neno, "nikiagiza kitu kinakuja", lingewekwa kwenye mlango wa kila ofisi ya ununuzi.

Kwetu wanaokwenda nje si wengi kama kwenu. Na Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania mwaka 2023 kwenye orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo nchi nyingine zinatakiwa zisiende kuwachukua wauguzi wake kwa kampeni. Kwa hiyo kuondoka kwetu hakuonekani uwanja wa ndege. Mtu anatoka kijijini anakuja mjini. Anatoka wodini anakwenda kwenye miradi, au kufundisha chuo, au kukaa ofisi ya takwimu. Kwenye kompyuta za wakubwa bado ni muuguzi. Kitandani kwa mgonjwa hayupo.

Kuna jambo linaloniuma zaidi: mtaani wapo vijana waliomaliza uuguzi, wana leseni, wanasubiri ajira miaka. Wengine wanajitolea wodini kwetu kwa nauli tu. Nafasi ipo, mtu yupo, mgonjwa yupo, na bado usiku mkunga yuko peke yake. Tatizo hapo ni bajeti ya ajira, na hilo linaamuliwa kwa kalamu.

#19 – Mleta uzi

Mmoja ameniuliza faragha, "Haya, ukipewa nafasi ungeanza na nini?" Najibu hapa wote muone, bila mpangilio maalumu.

Nyumba. Taasisi ya Mkapa ilijenga nyumba za watumishi wa afya karibu na vituo vya vijijini, na ukipita sehemu hizo unaelewa mara moja kwa nini ilikuwa akili. Mkunga anayelala dakika tano kutoka leba anaitwa na anakuja. Anayelala kilomita nne, njia ina fisi, anaitwa na anasali.

Kunyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, kisha saa zisizozidi 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Sisi tunaofundisha kina mama wanyonyeshe miezi sita bila kuwapa watoto hata maji, tunakamua maziwa chooni saa 9 usiku na kuyamwaga kwa sababu hakuna friji wala chumba. Nimewahi kulia hapo. Chumba kimoja, kiti, pazia. Basi.

Madeni ya posho za kuitwa kazini na za likizo. Usipoweza kulipa yote, bandika orodha: nani anadai nini, atalipwa lini. Watu wanavumilia kusubiri. Kinachowavunja ni kuzungushwa.

Uhamisho wa kumfuata mwenza. Wapo waliokaa mbali na waume zao mpaka ndoa zikafa, barua iko kwenye faili. Wengine walichagua ndoa, wakaacha kazi. Unaweza kuwalaumu?

Na sindano. Ukijichoma na sindano ya mgonjwa, dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72. Nimemwona mwenzangu akizunguka na kidole chake tangu usiku mpaka saa 4 asubuhi akitafuta mwenye funguo za kabati. Zile saa alizokaa kwenye benchi, peke yake, zilimfundisha anavyothaminiwa kuliko hotuba yoyote ya Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani.

Kuhusu Mei 12: nakipenda kile kiapo tunachokirudia siku hiyo. Nauweka mshumaa mkononi na machozi yananilenga kila mwaka. Nataka tu tarehe 13 nayo iwe na mtu wa pili kwenye zamu.

#23 – Mchangiaji

Dada, mimi nimemaliza stashahada, nimepangiwa kituo kijijini kabisa, naripoti wiki ijayo. Nimesoma uzi wote naogopa. Niende?

#24 – Mleta uzi

Nenda, mdogo wangu. Sikuandika haya ili mtu asiende. Siku utakapompokea mtoto ambaye kila mtu alishamkatia tamaa, kisha akalia, utaelewa kwa nini sisi wenye miaka 14 bado tupo.

Ukifika, usianze kuulizia posho. Uliza usiku leba mnakuwa wangapi. Uliza nani anapigiwa simu mambo yakiharibika, chukua namba yake, na umpigie siku ya kwanza kumsalimia tu ili aijue sauti yako. Uliza dawa za kujikinga ziko wapi na funguo anazo nani. Uliza boksi la dharura la kuzuia damu liko wapi na ulifungue uone kilichomo kwa macho yako. Tafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye, hata kama ni mhudumu; wale kina mama wahudumu wa siku nyingi wanajua mambo ambayo vitabu havina. Na usijaze ambacho hukupima. Acha wazi, andika pembeni mlikuwa wangapi na wagonjwa wangapi. Utagombezwa. Andika tu.

Nitumie faragha jina la basi unalopanda na siku. Baada ya ule usiku nilinunua tochi ya kuvaa kichwani, nilitembea nayo mpaka nilipohamia mjini. Bado inawaka vizuri. Nitakupakilia pamoja na betri na buti za mvua. Niambie unavaa namba ngapi.